Acha nyota zibaki kwenye picha

Picha iliyoanzisha mambo haya ilitumwa kwenye kundi letu la mtaa hapa Tanga usiku mmoja wa Februari. Ilikuwa doa jeupe katikati ya weusi mtupu. Mpigaji alikuwa ameikuza mpaka simu ikakataa, kisha akakata kingo zote ili doa likae katikati, na chini akaandika: "Jamani, nini hiki juu ya Raskazone?" Chai yangu haijapoa, majibu yameshafika thelathini. Ndege. Droni. Zuhura. Satelaiti ya kutusikiliza. Mama mmoja aliandika Bismillah, hakuongeza neno.

Mimi niliuliza swali moja, nikaonekana mtu wa ajabu: "Unayo ile picha kabla hujaikata?"

Hakuwa nayo. Na hapo mjadala, kwangu mimi, ulikuwa umekufa.

Niseme kwanza kazi yangu, maana ndiyo inayonipa ukali huu. Mimi ni mpima ardhi. Kutwa nzima naulizwa kitu kiko wapi, nami najibu kwa kutumia vitu vingine ambavyo vinajulikana tayari viko wapi. Kiwanja chenyewe hakina mahali. Kina pembe na umbali kutoka kwenye bikoni, zile nguzo ndogo ambazo mahali pake pameshapimwa. Ukinipeleka porini ambako hakuna bikoni hata moja, hakuna alama wala mnara, kifaa changu cha mamilioni kinageuka kigoda cha miguu mitatu. Ile picha ya Raskazone ilikuwa pori la namna hiyo. Kingo zilizokatwa huenda zilikuwa na nyota tano, sita, pengine kumi, na kila moja ilikuwa bikoni. Mwenzetu alizifuta akidhani ni uchafu.

Nilimsimulia mjomba wangu siku ya pili. Yeye ni mvuvi mstaafu, na kabla ya hapo alisafiri majahazini kwenda Lamu na visiwani. Baada ya shikamoo na marahaba nikamweleza, naye akacheka. "Sasa mjomba, mtu unamwuliza kitu kiko upande gani, yeye anakuonyesha kitu chenyewe?"

Akanikumbusha jambo ambalo nilikuwa nalijua bila kulifikiria. Kwa manahodha wa zamani, upande wa kusini uliitwa suheli na upande wa kaskazini jaa, na yote mawili ni majina ya nyota. Suheli ndiyo ile nyota kubwa nyeupe ya kusini, ya pili kwa kung'aa katika anga lote la usiku. Jaa ni nyota ya ncha ya kaskazini, na hapa Tanga haionekani kabisa, maana tuko digrii tano kusini mwa ikweta na yenyewe iko chini ya upeo wa bahari. Jina lilikuja na vyombo kutoka Arabuni, ambako nyota yenyewe inaonekana. Leo ukimwambia kijana "jaa" anafikiri unazungumzia pale tunapotupa taka. Lakini kwa mabaharia wale neno la upande halikuwa mbali na nyota. Upande ulikuwa nyota.

Kwenye picha mambo ni yaleyale, ila kwa vipimo vidogo zaidi. Kila nyota ina namba zake mbili katika orodha za wanajimu wa sayansi, mfano wa latitudo na longitudo, ila zimechorwa angani. Kitu usichokijua kikiwa kwenye picha pamoja na nyota tatu nne unazozijua, huhitaji kujua kamera ilielekezwa wapi, ilikuwa imelala au imesimama, wala lenzi yake ina nguvu gani. Unapima kwenye picha: kitu kiko theluthi ya njia kutoka nyota hii kwenda ile, kimesogea kidogo kulia. Ukishajua hivyo, namba za nyota zinakupa namba za kitu. Dira haihitajiki.

Kuna faida nyingine ambayo ilinichukua muda kuielewa, na nikaipenda kuliko zote. Sisi wapima tunahangaishwa sana na hewa. Hewa hupinda mwanga, na kadiri unavyotazama karibu na upeo ndivyo inavyopinda zaidi, hata jua unaloliona likigusa bahari jioni, kwa hesabu limeshazama. Mtu anayepima pembe kutoka upeo wa bahari hadi kwenye kimulimuli cha angani lazima asahihishe udanganyifu huo. Lakini mwanga wa nyota iliyo jirani na kitu chako umepita karibu hewa ileile, ukaingia kwenye kioo kilekile, ukapindwa karibu kiasi kilekile. Ukipima kimoja kwa kingine, makosa yanakwenda pamoja, na sehemu yake kubwa inafutana.

Siku hizi kazi ya kuzitambua nyota inafanywa na programu. Upo mfumo wa bure uitwao Astrometry.net: unaupa picha ya anga bila kuuambia ni ya wapi wala ya lini, nao unakurudishia jibu. Siri yake ni nyota nne nne. Unachukua nne, mbili zilizo mbali zaidi zinakuwa kipimo, na nafasi za zile mbili nyingine zinahesabiwa kwa kipimo hicho. Umbo hilo halibadiliki hata ukiikuza picha, ukiipunguza au ukiipindua. Mfumo una faharasa kubwa ya maumbo kama hayo, unatafuta linalofanana, kisha unahakiki kwa nyota zilizobaki. Mara ya kwanza nilipoutumia nilipakia picha niliyoipiga na simu juu ya paa, nikaenda kuswali, niliporudi nikakuta kila nyota imeandikwa jina. Nilijisikia kama fundi saa aliyeonyeshwa saa ya digitali.

Sasa, picha moja inakupa upande tu. Hili watu wengi hawalielewi, na ndiyo sababu ya ugomvi mwingi kwenye makundi. Ukiwa na picha moja yenye nyota unajua kitu kiko kwenye mstari fulani unaotoka jichoni mwako kwenda angani, lakini kwenye mstari huo kinaweza kuwa nondo aliye mita tatu juu ya kichwa chako au sayari. Kuujua umbali kunataka mtu wa pili, mahali pa pili, sekunde ileile. Wavuvi wawili waliosimama mbalimbali ufukweni huiona ngalawa moja mbele ya minazi tofauti ya ng'ambo. Kwa tofauti hiyo, na kwa kujua wao wenyewe wamesimama mbali kiasi gani, ngalawa inapata mahali pake. Mnazi wetu wa ng'ambo ni nyota. Ziko mbali kiasi kwamba kutoka Tanga au Unguja, au hata Tokyo, hazisogei hata kidogo kwa kamera ya simu. Ili jirani zetu wa karibu kabisa kati ya nyota waonekane wamesogea waziwazi kwenye picha mbili, ilibidi chombo cha angani kiitwacho New Horizons kiende karibu kilomita bilioni 7 kutoka kwetu. Kilipiga picha nyota mbili, Proxima Centauri na Wolf 359, mwezi Aprili 2020, na zilipowekwa kando ya picha za kutoka Duniani tofauti ilionekana kwa macho matupu.

Nikampigia dada yangu, mtoto wa ami yangu aliyeko Mjini Unguja. Yeye ni fundi cherehani, mtu wa vipimo vya sentimita, nikajua hatanicheka. Kutoka kwangu hadi kwake kwa mstari ulionyooka ni kilomita 121, yeye karibu kusini kabisa. Tulichagua kitu ambacho jibu lake linajulikana, Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho ratiba yake ya kupita hupatikana mtandaoni na ambacho huzunguka kilomita 400 na kitu juu yetu. Ukitaka kujua mzani wako ni mzima, anza na jiwe ulilokwisha kulijua uzito.

Mara ya kwanza ilikuwa aibu. Tulipigiana simu tukahesabu kwa sauti, "moja, mbili, tatu, piga!" Kituo kile kikiwa juu ya kichwa husogea digrii moja hivi kwa kila sekunde, yaani upana wa mwezi mpevu mara mbili. Sauti ya simu ya mtandao ilichelewa, kidole chake kikachelewa, kamera yenyewe ikafikiri kwanza, na jumla ya yote ilikuwa kama sekunde mbili tatu. Halafu akanitumia picha kwa programu ya ujumbe, ikaifinya mpaka nyota ndogo zikayeyuka, na ikafuta saa ya kupigwa iliyokuwa imeandikwa ndani ya faili. Tulipata kilomita 500.

"Kaka," akaniambia, "hii suruali imezidi."

Tukajipanga upya. Safari hii kila mmoja alikuwa na programu inayoonyesha sekunde kwa saa ya GPS. Nilipindua ndoo uani, nikalaza simu kifudifudi ukingoni mwake, kamera ikitazama juu. Yeye alifanya hivyo hivyo juu ya dari la nyumba yao. Tulikubaliana: picha iachwe wazi sekunde ishirini, ili kituo kichore mstari, na ifikapo saa 1:40 usiku kamili kila mmoja afunike kamera kwa sekunde mbili kisha afunue. Mstari utakatika, na mwanzo wa mkatiko ndio saa 1:40. Mimi nilitumia kofia yangu. Yeye alitumia kawa ya kufunikia chakula.

Ilikuwa mwisho wa Februari, kaskazi bado inavuma, anga safi. Kwangu mstari ulipita kwenye mkanda wa Jabari, zile nyota tatu zilizojipanga ambazo saa hiyo ya mwezi huo zilikuwa karibu utosini, na ukakatika hapohapo kama mtu aliyekata uzi kwenye tundu la sindano. Kisha ikafika picha ya Unguja, safari hii kama faili kamili. Mkatiko haukuwepo kwenye mkanda. Ulikuwa juu ya kichwa cha Jabari, kuelekea pembe za Thauri, lile kundi la nyota la fahali. Niliinuka nikatoka nje, nikanyoosha mkono kupima kwa ngumi: ngumi moja na nusu. Nyota zilezile, sekunde ileile, kitu kilekile, ngumi moja na nusu ya anga kati yetu.

Kwa hesabu za programu tofauti ilikuwa digrii 15 na pointi kidogo. Pembetatu yenye kitako cha kilomita 121 na pembe ya juu kama hiyo haina ubishi. Hata mwanafunzi wa kidato cha tatu anaifunga. Ikatoka kilomita 440. Kituo kilikuwa kama kilomita 420. Kosa nalijua lilipotoka: kofia na kawa haziteremki pamoja, na nusu sekunde tu ni nusu digrii. Lakini nilikaa na ile namba muda mrefu. Simu mbili, ndoo mbili, kofia na kawa.

Nilidhani tumebuni kitu. Kumbe dunia nzima ilishapimwa kwa kawa.

Kabla ya GPS wapima walikuwa na shida moja kubwa nayo ni bahari. Nchi kavu unaweza kuipita kwa pembetatu, kilima hadi kilima. Mnyororo mmoja wa pembetatu hizo ulifuata meridiani ya 30, yaani mstari wa longitudo 30 mashariki, kutoka Afrika Kusini hadi Misri, ukapita magharibi ya Tanganyika, na haukukamilika hadi 1954. Bahari haina kilima. Basi mwezi Juni 1966 Marekani ilirusha puto liitwalo PAGEOS, la plastiki nyembamba iliyopakwa alumini, kipenyo chake mita 30, likawekwa zaidi ya kilomita 4,000 juu. Halikuwa na kazi nyingine ila kumeta. Vikundi vya wapima vilisambazwa kwenye vituo 45 duniani, Mahé huko Shelisheli na Addis Ababa vikiwemo, kila kituo kikiwa na kamera kubwa ya kutumia bamba za kioo. Puto likipita, vituo viwili au zaidi vililipiga picha kwa pamoja likiwa mbele ya nyota, na sahani yenye matundu inayozunguka mbele ya kamera iliukata mstari wake kuwa nukta, kila nukta na saa yake. Kwenye bamba moja wangeweza kupima mamia ya alama za nyota. Mabara yakaunganishwa kwa makosa ya mita chache tu. Ile sahani inayozunguka ndiyo kawa ya dada yangu, imetengenezwa na watu wenye bajeti.

Kilichonigusa zaidi lakini ni mtu aliyetangulia hao kwa miaka mingi, na ambaye alikuwa huku huku Afrika. Septemba 1882 kilitokea kimondo mkia kikubwa sana, yaani kometi, kilichoonekana hata mchana. David Gill alikuwa mkuu wa kituo cha kuchunguza nyota pale Rasi ya Tumaini Jema. Kwa msaada wa mpiga picha wa hapohapo alifunga kamera juu ya darubini na kukiacha kioo wazi kwa muda mrefu akikifuata kimondo kile. Picha zilitoka nzuri, lakini Gill hakuacha kutazama pembeni. Nyuma ya mkia kulikuwa na nyota nyingi mno, hata zile ambazo zilikuwa hazijaandikwa kwenye orodha yoyote. Wengine wote waliona kimondo. Yeye aliona kwamba bikoni zinaweza kupigwa picha badala ya kuandikwa moja moja na mtu aliyekesha. Akaanza kupiga anga la kusini.

Kuzipima bamba zile kulifanywa Groningen, Uholanzi, na Jacobus Kapteyn, profesa ambaye hakuwa na darubini yake mwenyewe. Na hapa mpima ardhi yeyote atatabasamu. Kapteyn aliisimamisha bamba wima, akaweka mbele yake theodolaiti, kifaa chetu cha kupimia pembe, kwa umbali uleule uliokuwa kati ya bamba na kioo cha darubini iliyopiga picha, akaanza kusoma pembe za nyota kwenye kioo kana kwamba yuko nje usiku Rasini anatazama anga lenyewe. Miaka ikapita hivyo, kwa msaada wa wafungwa wa gereza la mji ule waliofanya sehemu ya kazi ya mikono. Orodha ilipochapwa, kati ya 1896 na 1900, ilikuwa na nyota 454,875. Gill huyohuyo ndiye aliyelianzisha wazo la mnyororo wa meridiani ya 30. Sijui kama yupo mtu mwingine anayeidai kazi yangu ya kila siku kutoka chini na kutoka juu.

Napita haraka kwenye vimondo vya kawaida, yaani mawe ya angani yanayowaka yakiingia hewani, maana ndivyo watu hupiga picha sana siku hizi. Mbozi tuna jiwe la chuma la tani 16 hivi ambalo hatujui lilianguka lini wala lilitoka upande gani, maana hakukuwa na kamera, wala kumbukumbu ya walioliona. Tarehe 7 Aprili 1959, Chekoslovakia, kamera za kituo cha Ondřejov zilikinasa kimondo kutoka sehemu mbili kikipita mbele ya nyota, nazo pia zilikuwa na sahani ya kukata mstari. Zdeněk Ceplecha na wenzake walihesabu kilipoangukia, vipande vikaokotwa karibu na Příbram, kisha wakarudi nyuma kwenye hesabu ileile na kupata njia yake ya kuzunguka jua, inayofika kati ya Mirihi na Mshtarii. Lilikuwa jiwe la kwanza la angani kujulikana kwao kwa ushahidi wa picha.

Kwa hiyo ukiona kitu, vumilia. Usikivute. Acha picha ichukue eneo pana la anga, hata kitu kikionekana kidogo kama punje ya mtama. Tegemeza simu kwenye ndoo, kwenye mfuko wa mchanga, popote palipotulia, acha wazi sekunde kumi au ishirini. Usikate kingo. Usiipitishe kwenye programu ya kurembesha, nyingine hufikiri nyota ni chunusi. Andika saa, kwa sekunde, na mahali uliposimama. Ukiweza mwambie mtu wa mji mwingine atazame pia.

Niliyaandika haya kwenye kundi la mtaa nikapata vidole gumba vinne. Lakini mjomba aliyachukua kwa uzito. Aliomba simu ya mjukuu, akaenda ufukweni peke yake, na baada ya siku mbili ikanifikia picha. Alichukua eneo pana vizuri. Pembeni kuna mnazi, chini taa za bandari, na katikati kusini, kubwa na nyeupe, Suheli. Juu yake kidogo umepita mstari mwembamba ambao si wa ndege, maana hauna taa za kuwakawaka. Niliipakia, programu ikaitambua kila nyota, nikapata mwanzo na mwisho wa mstari kwa usahihi ambao Kapteyn angeutamani. Lilibaki jambo moja nijue ni satelaiti gani.

Nikampigia. "Shikamoo mjomba. Picha ni nzuri kabisa. Uliipiga saa ngapi?"

"Marahaba. Nimeshakuandalia, mjomba." Nikasikia anafunua karatasi. "Baada ya Isha."